Jimu Chupa Haitiki

Kila Jumamosi saa nne asubuhi naacha kuwa Mudathir wa mtaa wa Mabawa, Tanga, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na simu yenye kioo kilichopasuka, nageuka Jimu Chupa, mchochea moto wa manowari ya Kiingereza, mwaka 1912. Navua raba, navaa suruali ya turubai iliyokatwa magotini, halafu Mwanamkasi, mpiga kengele wetu, ananipaka masizi usoni. Kazi hiyo huifurahia kupita kiasi. Siku nyingine ananipaka mpaka ndani ya masikio, nikimuuliza anasema historia ilifika hadi huko.

Makumbusho yetu yako Raskazone, kwenye nyumba kuukuu ya Mjerumani yenye veranda pana. Ghorofani kuna bendera, darubini, na picha za manahodha wenye masharubu ya kutundikia nguo. Chini, palipokuwa stoo, tumejengewa chumba cha boila: kuta za mabati, mapipa manne ya lami yaliyopakwa rangi nyeusi, na ndani ya kila pipa taa nyekundu ya umeme. Makaa ya mawe hatuna, tunatumia mkaa wa kupikia. Moto ni wa uongo ila joto ni la kweli, maana Tanga mwezi wa pili haihitaji msaada wa boila.

Ukutani, kando ya mlango, kuna kanuni mbili kwa herufi kubwa. Ya kwanza: TOKA KENGELE YA KWANZA HADI YA MWISHO, HAKUNA ANAYETOKA MWAKA 1912. Mgeni akikuuliza bando la wiki ni shilingi ngapi, unamtazama kama amesema Kichina. Ya pili: ASIYEVAA NGUO ZA ZAMANI ASIVUKE KAMBA, ile inayotutenga na wageni. Kanuni hizo alizitunga mkurugenzi wetu, Bwana Luka, na anazilinda kama mboni ya jicho. Siku simu ya mwenzangu Noa ilipolia mfukoni katikati ya 1912, Noa alisimamishwa Jumamosi mbili.

Wachochea moto tuko wanne. Mimi Jimu Chupa, Noa ni Jeki Kamba, na mapacha wawili wa Chumbageni ni Tomu Ndoo na Bobi Sabuni. Majina hayo si matusi ya mtaani. Kwenye manowari hizo watu wa pwani yetu waliajiriwa kulisha boila, na afisa aliyeona uvivu kuandika jina refu la mtu alitazama huku na huku, akaona chupa, akaandika Chupa. Mtu ana baba, ana babu, ana ukoo mzima, anaingia melini anatoka chombo cha kuwekea soda.

Afisa wetu ni Burhanuddin, ambaye siku nyingine zote anauza misumari na rangi dukani kwa baba yake. Anasema alipewa uafisa kwa sababu sare ilimkaa vizuri. Si kweli. Sare inambana mpaka akikaa vifungo vinalia. Alipewa kwa sababu kati yetu sote ndiye angalau angeweza kudhaniwa Mwingereza, kwa mbali, kukiwa na giza.

Zamu inakwenda hivi. Mwanamkasi anapiga kengele ya kwanza, wageni wanashuka ngazi, wanatukuta tunarusha mkaa na kutukanana kwa adabu. Burhanuddin anateremka na daftari kubwa, anaita majina manne, kila mmoja anaitika "Nipo, afande!" Wote wakishaitika, anasema "Wote wapo," Mwanamkasi anapiga kengele ya mwisho, na 1912 imekwisha. Tunapiga picha na wageni.

Mambo yangekwenda hivyo mpaka leo, lau si beleshi.

Beleshi ni la Bibi Tausi, jirani yetu Mabawa, ukuta kwa ukuta. Babu yake alikuwa mtu wa Tongoni, akaenda Unguja ujanani, akaingia manowari, akachochea moto miaka sita. Alirudi na kikohozi na beleshi la chuma lenye alama ya nanga kwenye mpini. Alitokaje nalo kwenye meli ya mfalme, hilo ni swali ambalo ukoo ulikubaliana zamani kutoliuliza. Kwenye nakala ya daftari la meli ambayo Bwana Luka aliipata kwa jasho lake, huyo babu ameandikwa Jimu Chupa. Kwao aliitwa Hatibu bin Masoud.

Mwaka jana Bwana Luka alikuja mwenyewe kuliomba beleshi. Akakaa kwenye mkeka, akanywa kahawa, akasifu kashata. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, baba. Mimi nawapa beleshi. Nyie nipeni jina."

"Jina gani, Bibi?"

"La babu yangu. Mkiwaita hao watu wenu mbele ya wageni, na yeye aitwe. Jina lake, si hilo la chupa."

Bwana Luka akatikisa kichwa kwa namna ambayo ukitaka ni ndiyo na usipotaka ni shingo inauma. Bibi, ambaye huniita Muda kwa kifupi, akanigeukia mimi. "Muda, umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Mimi nitasimamia."

Hayo maneno yalitoka kinywani mwangu, hakuna aliyenisukuma. Nikalipakia beleshi kwenye bajaji, mpini ukatokeza nje, tukaenda zetu Raskazone.

Jumamosi ya kwanza Burhanuddin akaita, "Jimu Chupa!" Baada ya kengele nikamfuata Bwana Luka ofisini.

"Bosi, na lile jina?"

"Mudathir, sisi ni makumbusho. Tunasoma kilichoandikwa. Daftari linasema Chupa."

"Daftari liliandikwa na aliyekaa juu kwenye upepo, bosi."

"Na wageni wanalipenda. Linawachekesha. Nenda kaoge."

Nikaenda kuoga. Jioni Bibi Tausi akaniita ukutani. "Je, limeitwa?" Nikauona uso wake, kitenge kimefungwa kifuani, mikono ina unga wa mchele. Ulimi wangu, ambao una majibu ya kila mtu mjini, ukachagua jibu rahisi kuliko yote.

"Limeitwa, Bibi. Watu walikaa kimya kabisa."

Jumamosi ya pili, limeitwa. Ya tatu, limeitwa, na Mzungu mmoja alitoa machozi. Hapo nilizidisha, najua. Nilimdanganya Jumamosi kumi na mbili, na kila mara alinipa bakuli la vitumbua, nikavila. Vilikuwa vitamu. Nasema ukweli wote.

Kisha, Ijumaa moja baada ya swala, Bibi akaniita.

"Kesho nakuja."

"Wapi, Bibi?"

"Kwenye manowari yenu. Nataka nisikie kwa masikio yangu. Niletee bajaji saa tatu."

Nilikwenda mbio Raskazone. Bwana Luka alikuwa juu ya meza anatundika kitambaa cha kukaribisha wageni, maana kesho yake pia ulikuwa unakuja ujumbe kutoka makumbusho ya Mombasa kuangalia kama watashirikiana nasi. Nikamweleza, mara hii bila mzaha. Nikamwambia na uongo wangu wote.

Alishuka mezani. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Wewe ulimwahidi. Mimi nilitikisa kichwa tu," akasema. "Kesho wanakuja watu wanaojua historia. Wakikuta tunabandika majina tunavyopenda, watasema sisi ni ngoma ya harusi. Ukibadili neno moja, Mudathir, unavua ile suruali ya turubai unaiacha hapa."

"Na kilicho ndani yake je?"

"Hicho utaondoka nacho. Nakuonya."

Jumamosi nikamleta Bibi Tausi. Alivaa baibui jipya na amejifukiza udi, mpaka dereva wa bajaji akaendesha kwa heshima, akapunguza mwendo hata pasipo na tuta. Wa Mombasa walichelewa Horohoro mpakani, wakafika wamelowa jasho, sita, na madaftari yao. Mwanamkasi akamkalisha Bibi mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, hatua mbili kutoka kwenye kamba. Beleshi lake lilikuwa mkononi mwangu. Akalitazama, akanitazama, akatabasamu. Laiti ningekuwa mkaa.

Nilikuwa nimeshazungumza na wenzangu asubuhi.

"Leo siitiki," nikawaambia.

Noa, ambaye ni Mbondei wa Muheza na haongei ovyo, akauliza, "Kwa muda gani?"

"Mpaka aitwe."

"Na wewe ukifukuzwa?"

"Nitauza vitumbua."

"Hujui kupika."

"Nitavila, basi."

Noa akachukua beleshi lake. "Haya," akasema, na hakuongeza neno.

Kengele ikalia. Wageni wakashuka. Tukarusha mkaa, tukatukanana kwa adabu, vumbi likapanda. Wa Mombasa wakaandika. Kisha viatu vya Burhanuddin vikasikika ngazini, taratibu, kwa sababu suruali haikumruhusu kufanya haraka. Akateremka na daftari, kidevu juu, macho ya mbali kama mtu anayemiliki bahari. Akapita mbele ya kiti cha plastiki. Na hapo, afisa wa Mfalme wa Uingereza, mwaka 1912, akainamisha kichwa na kusema:

"Shikamoo, Bibi."

Ilimtoka yenyewe. Mtoto aliyelelewa Tanga hapiti mbele ya mtu mzima kama mbuzi, hata akivikwa sare ya nani. Mapacha wakaficha nyuso nyuma ya pipa. Kule mlangoni Bwana Luka akashika paji la uso.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akajibu, na sauti yake ikajaa chumba. "Hujambo? Mama hajambo? Wewe ndiye unayeita majina?"

Burhanuddin akasimama katikati ya karne mbili, mdomo wazi. "Eeh... ndimi mimi, Bibi."

"Haya, mwite babu yangu. Nimekuja kumsikiliza."

Burhanuddin akafungua daftari. Akatazama mlangoni, Bwana Luka akatikisa kichwa, na safari hii maana yake ilikuwa moja tu.

"Jimu Chupa," akaita kwa sauti ndogo.

Sikuitika.

"Jimu Chupa!"

Nikaegemea beleshi. Jasho lilinitiririka na masizi yakaingia jichoni, nikayaacha.

"Jimu Chupa, uko hapa?"

"Afande," nikasema, "hapa hatuna mtu wa jina hilo."

"Kwenye daftari yumo."

"Kwenye daftari yumo, kwenye joto hayumo. Anayechochea hapa ana jina alilopewa na baba yake. Hilo la chupa tumelirudisha."

Wageni wawili wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Bibi Tausi hakucheka. Alikuwa ameshaelewa. Niliona macho yake yakihesabu nyuma Jumamosi moja moja, bakuli moja moja, na sikuyakwepa.

Bwana Luka akamwashiria Mwanamkasi apige kengele. Mwanamkasi alikuwa ameshika kamba ya kengele kwa mikono miwili. Akamtazama kwa upole.

"Haipigwi mpaka wote waitike," akasema. "Ndiyo kanuni."

"Mwanamkasi!" Bwana Luka akanong'ona kwa nguvu.

"Mimi niko 1912. Sikusikii."

Mkurugenzi akapiga hatua kuja kwetu, akafika kwenye kamba, akakwama. Alikuwa amevaa suti ya buluu na beji ya plastiki. Akatazama kanuni yake mwenyewe ukutani. Watu wa Mombasa nao wakaitazama. Namheshimu kwa hilo, hakuivunja. Akageuka, akachomoa kwenye msumari aproni ya mpishi wa meli, mojawapo ya nguo zetu za 1912, akajifunga juu ya suti, akavaa na kofia yake nyeupe. Akavuka kamba.

"Mpishi huyo!" akapaza sauti pacha mmoja. "Mpishi, maharage ya jana yalikuwa na mawe!"

"Na chai ina ladha ya bahari!" akaitikia mwenzake.

"Nyamazeni," akasema Bwana Luka.

"Mpishi anaamrisha boila siku hizi," Noa akasema polepole. "Tumekwisha."

Ukumbi wote ukacheka, na wa Mombasa wakacheka, na mwanamke mmoja kati yao, mnene, mwenye miwani, akafunga daftari lake ili atazame vizuri. Bwana Luka akafika karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya manukato yake.

"Mudathir. Itika."

"Mudathir simjui, mpishi. Mwaka huu hajazaliwa."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze kengele ikishalia. Kabla ya hapo mimi si mtu wako, ni mtu wa Tongoni."

Akageukia wenzangu. "Noa, wewe una akili. Endelea na kazi."

Noa akalaza beleshi lake sakafuni, bila kulitupa, kama mtu anavyolaza mtoto. Akanyoosha mkono nyuma ya pipa, akazima taa nyekundu. Pacha wa kwanza akazima yake. Wa pili akazima yake. Nami nikazima yangu. Chumba kikawa cheusi isipokuwa mwanga wa dirisha dogo.

"Afande," Noa akamwambia Burhanuddin, "boila zimelala. Meli imesimama."

Kila mtu akamtazama Burhanuddin. Yule muuza misumari akafuta jasho kwa mkono wa sare ya kifalme. Akamtazama mpishi, akamtazama Bibi aliyetoka kumwamkia. Nadhani ile shikamoo ndiyo iliyomshinda: huwezi kumpa mtu shikamoo yako, akaipokea, halafu ukamwitia babu yake chupa mbele yake. Akachomoa kalamu ya risasi iliyokuwa sikioni, maana muuza duka haachi kalamu hata akipewa manowari, akaniinamia.

"Jina lako?"

"Hatibu."

"Bin?"

"Bin Masoud. Wa Tongoni."

Akachora mstari juu ya neno moja, akaandika mengine juu yake, taratibu, na tuliisikia kalamu ikikwaruza. Kisha akasimama wima. Kifungo cha juu kikaruka, kikagonga bati, kikalia ngi. Hakukitazama.

"Hatibu bin Masoud, wa Tongoni!"

"Nipo, afande!"

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Bibi Tausi aliweka kiganja kifuani. Hakulia. Alikaa tu hivyo, kama mtu anayesikiliza kama kuna mwingine atakayeitika nyuma yangu.

Burhanuddin akageuza macho kwenye mstari wa pili. "Jeki Kamba."

Noa akanitazama. Jina la kweli la Jeki Kamba hatulijui. Hakuna ukoo uliotokea, hakuna beleshi. Noa akamgeukia Bibi, akavunja 1912 kwa swali moja tu.

"Bibi, sisi wengine majina yetu hayajulikani. Tufanyeje?"

Bibi Tausi akafikiri. "Basi msiitike," akasema. "Wakae kimya mpaka wa kwao waje."

Burhanuddin akaita Jeki Kamba, pakawa kimya. Akaita Tomu Ndoo, pakawa kimya. Akaita Bobi Sabuni. Mara ya mwisho ule ukimya ulikuwa mrefu, na kofia ya mpishi ilikuwa imevuliwa, imeshikwa mkononi. "Wote wapo," Burhanuddin akasema mwishowe, na Mwanamkasi akapiga kengele kwa nguvu kama anayeamsha mtaa kwa daku.

Nilifukuzwa saa sita kasorobo. Bwana Luka ni mtu wa neno lake pale neno linapokuwa la aina hiyo. Yule mwanamke wa Mombasa alikuwa bado amesimama naye anauliza kuhusu ule ukimya, nani aliutunga, naye akijibu hivi na hivi, huku ananionyesha mlango kwa kidole. Nikavua suruali ya turubai, nikaikunja, nikaiweka mezani. Beleshi nililiegemeza mahali pake, kwa sababu si langu, na Bibi hakusema litoke.

Bajaji ilipofika Mabawa, Bibi akaniita.

"Muda."

"Naam, Bibi."

"Uliniambia limeitwa mara kumi na mbili."

"Nilikudanganya, Bibi. Nisamehe."

"Na vitumbua ukala."

"Nikala."

"Leo limeitwa mara moja. Zimebaki kumi na moja." Akashuka, akajishika na bega langu. "Jumamosi saa tatu. Usichelewe."

Jumamosi iliyofuata nilivaa raba zangu, uso safi mpaka Mwanamkasi akaniuliza mimi ni nani. Nikamkalisha Bibi mbele, nikajikalia pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, upande wa kamba wa watu wenye beji na simu. Bwana Luka alikuwa mlangoni. Mbele ya pipa la kwanza palikuwa patupu, hajapatikana mtu, na beleshi lenye nanga limeegemezwa peke yake.

Burhanuddin akateremka. Kifungo kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu. "Shikamoo, Bibi," akasema, na safari hii hakushtuka. Akafungua daftari.

Akamtazama Bwana Luka. Bwana Luka hakutikisa kichwa, si huku wala kule.

"Hatibu bin Masoud, wa Tongoni!"

Mbele ya pipa hapakuwa na mtu wa kuitika. Nikasimama palepale kwenye kiti changu, mgeni nisiye na masizi wala suruali ya turubai, na kanuni zote mbili zikiwa ukutani zinanitazama.

"Yupo!" nikasema.

Bwana Luka akanikazia macho. Nami nikamkazia, na sikukaa. Bibi Tausi akanivuta shati, akaninyooshea vidole vya mikono yote miwili.

"Zimebaki kumi," akasema.